Meno ya Baba Yameshika

Kangeta, Meru
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Igoki,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini joto la Doha halijakumaliza na kwamba huko kazini wanakuacha ulale. Sisi tuko salama. Mvua haijaja, lakini ng'ombe bado ana maziwa. Mama anauliza kama unakula vizuri, na najua jibu lako hataliamini.

Sasa kaa chini nikwambie. Baba ana meno!

Unakumbuka tangu aanguke kwenye mti wa miraa akapoteza yale manne ya mbele, akawa anakula peke yake chumbani. Watu wa Mugendi wako walipotuma ujumbe kutoka Kibugu kuuliza lini walete mahari, Baba alijibu neno moja tu: "Bado." Aliapa hatakaa mbele ya wakwe akiwa kibogoyo. Najua ulivyolia, dada. Hata mimi nililia.

Ndipo tukampeleka kwa daktari wa meno huko Embu. Alimtia skrubu mbili kwenye mfupa wa taya, akasema lazima kwanza zishikane na mfupa, na hilo huchukua miezi, ndipo meno yawekwe juu yake. Asile chakula kigumu. Zikilegea zitatolewa, na kwa umri wake daktari hakuahidi kwamba kazi ile ingerudiwa.

Basi Baba akanywa uji na supu bila ubishi. Kumbe! Siku moja nazunguka nyuma ya ghala, namkuta na kibunda cha miraa, shavu limefura. Nilipiga kelele mpaka Mama akaja mbio na mwiko mkononi. Unajua alitujibu nini?

"Daktari alikataza chakula. Miraa ni chakula?"

Mzee huyu atatuua! Mama alimnunia mpaka tukarudi kwa daktari. Mimi nilishakata tamaa, nawaza nitakuandikia nini wewe. Daktari alipiga picha, akagonga skrubu moja moja, Baba amenishika mkono kama anataka kuuvunja. Halafu daktari akasema, "Zimeshika." Dada, nilikaa sakafuni mbele za watu.

Meno yameshawekwa. Anakula mukimo nasi mezani, na anacheka hata visivyochekesha. Miraa ameambiwa asimenye kwa meno, kwa hiyo anamenya kwa kucha huku akilalamika.

Mama anakusalimu, na mjomba Riungu pia. Nisalimie Jedidah unayekaa naye. Mungu akufunike huko uliko na akulete salama.

Nasema akulete kwa sababu jana Baba alichukua simu yangu, akampigia babake Mugendi yeye mwenyewe. Amewaambia waje Desemba. Omba likizo, dada yangu, uje uolewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye sana,
Kajuju