Vidonge Kwenye Pindo la Khanga

Magomeni,
Bagamoyo.
9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Mikdad,

Shikamoo. Habari za Tunduma na baridi yake? Wifi Samia hajambo? Wanao je, wameshazoea shule mpya? Sisi huku tu wazima kiasi, Alhamdulillahi, na hicho kiasi ndicho kilichonikalisha kuandika. Kwenye simu unanichekesha mpaka nasahau nililopigia, na Mama naye huwa kakaa pembeni akisikiliza.

Ni yeye, kaka. Alianza kuhema hata akifagia ua. Nikampeleka hospitali, akapigwa picha ya moyo. Daktari alitueleza kwamba presha imekuwa juu kwa miaka, moyo unasukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, basi misuli yake upande wa kushoto imenenepa, kama mkono wa mtu anayetwanga kila siku. Mimi nikadhani ni sifa njema. Akasema hapana, moyo ukinenepa hivyo hukakamaa, huchoka, na siku moja unaweza kugoma. Lakini presha ikishushwa, misuli hiyo huweza kupungua. Nililia pale pale, wala sikuona aibu.

Chumvi tumepunguza. Samaki wa ng'onda, kwa ile chumvi yake, anamtazama kwa mbali tu, kisha ananuna.

Kilichomshangaza daktari ni kwamba dawa anazo tangu mwaka juzi na presha haishuki. Kumbe Mama alikuwa anagawa! Si unamjua. Jirani yetu Bi Mgeni akija analalamika kichwa, anapewa kidonge. Shoga zake wa maulidini hali kadhalika. Nilipomgombeza alinijibu taratibu, "Mtu kaja kwangu anaumwa, nimnyime na dawa ninayo?" Nikamweleza kwamba dawa ya mmoja yaweza kumdhuru mwingine. Akaapa kuacha, na kweli majirani hawapati tena.

Daktari alisema pia kwamba maradhi haya huandama ukoo, hivyo na sisi watoto tupime. Mimi nimepima, niko salama. Mama akamkumbuka Baba alivyoanguka shambani Makurunge, mtu ambaye hakuwahi kupimwa maishani mwake. Tangu hapo ukituma picha anaishika muda mrefu, anasema umenenepa kama marehemu, na sigara hujaacha.

Juzi nilikuwa nafua khanga yake, nikakuta pindo limefungwa fundo. Nikadhani hela. Vilikuwa vidonge vyake, vingi, vile anavyoniambia amemeza. Nikamuuliza safari hii anamwekea nani.

"Mikdad," akasema. "Akija Idi atakuta dawa zake."

Nimemsihi, nimemnunia, nimemwambia atatuachia kilio. Anaitikia tu.

Nakuomba sana, usingoje Idi. Nenda zahanati kapime, na kama presha unayo, upewe dawa zako mwenyewe. Kisha mpigie Mama umwambie kwa sauti yako, maana mimi haniamini.

Bi Mgeni anakusalimu, na Ummy wangu anamwamkia mjomba wake. Mfikishie wifi salamu zangu, uwabusu watoto.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Asubuhi ya leo nimemwona tena Mama akifunga pindo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Mwanamvua