Karatasi Chini ya Mto wa Papa

Cimpunda, Bukavu
Jumapili, 29 Novemba 2020

Kwako yaya wangu Modeste, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua hakikusumbui tena kama miaka ile ya shule. Sisi hapa tunapumua. Mama ameanza kula kidogo, fufu na vidagaa vya sambaza tu, na asubuhi anatoka mwenyewe kukaa kwenye jiwe la mlangoni. Mvua haijatupa nafasi mwezi huu wote. Udongo uliporomoka nyuma ya nyumba ya akina Lucien ukabeba choo chao, lakini Mungu ni mwema, hakukuwa na mtu ndani.

Najua utashangaa kupokea karatasi mkononi wakati nina namba yako. Simu ina namna yake, yaya. Mtu anasoma nusu, halafu anasema rezo, mtandao, imekatika. Ndiyo maana barua hii nimempa mzee wetu, tonton Ezéchiel, ambaye kesho kutwa anapanda ndege kuja huko Kinshasa. Alipata kiti kwa siku moja, bila kuhangaika.

Nianzie mbali kidogo, usije ukasema nimekurukia.

Mwezi wa saba, Papa, baba yetu, alipolala kitandani asiinuke tena, macho yalikuwa yameshazimwa na sukari, na figo nazo zikawa zinamwacha. Yeye, Fundi Xavier, aliyejenga nusu ya kuta za mawe za Cimpunda, akawa wa kulishwa kwa kijiko. Hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, uje. Unajua sababu, sina haja ya kukufundisha. Kwetu baba haondoki kabla ya kumshika mkono mtoto wake wa kwanza wa kiume na kumwachia maneno yake. Yeye mwenyewe aliyapokea kwa baba yake, na maisha yake yote alikuwa akituambia kwamba maneno hayo ndiyo nyumba ya kwanza aliyopewa, hizi nyingine za mawe zilikuja baadaye. Nilipokupigia simu kukueleza, ulilia. Kilio kile nilikisikia na sikikatai mpaka leo.

Wakati ule Kinshasa ilikuwa imefungwa, ndege zimekaa chini, na barabara ya kutufikia haipo. Tulielewa wote. Papa mwenyewe ndiye aliyekutetea mbele ya Mama. Alisema Corona haikuletwa na Modeste.

Mwezi wa nane ndege zikaanza tena kuruka. Tukafurahi kama watoto. Ukatuambia bei imepanda mara mbili, tena kuna kipimo cha Corona cha kulipia, tena viti vichache vilivyopo wanapeana wakubwa. Mwezi wa tisa ukasema umepata kiti, ila asubuhi kilikuwa na bei moja na jioni kina bei nyingine. Papa aliposikia hivyo aliomba aitwe Floribert.

Wewe Floribert unamkumbuka kama yule kijana mrefu aliyebeba mawe nyuma ya Papa. Siku hizi ana miaka arobaini na mbili na ni fundi kamili, na watoto wake ni wanne. Tangu macho ya Papa yazimike, amekuwa akija kila siku akitoka kazini, kumnyoa ndevu, kumgeuza kitandani, kumbeba mpaka uani apate jua. Papa alimtuma shambani kule Kasha akate ile mikaratusi yake yote na kuiuza. Ile miti aliipanda mwaka ulipozaliwa, Modeste. Floribert alikaa kule siku tatu na msumeno, na pesa zikakufikia wiki ileile. Sikudai pesa hizo, na Mama hakudai. Nazitaja ili ujue miti haipo tena, ukipita Kasha usije ukadhani umepotea njia.

Ulisema tiketi imenunuliwa, ya tarehe tatu Oktoba. Mama akapaka chumba chako chokaa. Tarehe mbili ukasema ndege imefutwa. Halafu kipimo kikawa kimepitisha siku zake tatu, inabidi kufanya kingine. Halafu kampuni ikataka nyongeza. Halafu wakasema wiki ijayo.

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Papa alikuwa ananiuliza: "Benye ndege banasema nini leo?" Nami namjibu kwamba wanasema labda Alhamisi, labda Jumamosi. Nyingine katika habari hizo nilikuwa naongeza mwenyewe, ili anywe dawa. Nilikuwa namdanganya kwa uongo wako na mimi sijui kama ni uongo.

Nikazichukia ndege, yaya. Nilipoisikia moja ikielekea uwanja wa Kavumu nilikuwa naitukana kimoyomoyo, hata nikiwa na rozari mkononi. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikavaa barakoa yangu, nikateremka mpaka ajansi moja ya tiketi za ndege pale Avenue Lumumba. Ndani kulikuwa na binti mmoja nyuma ya kioo, anaitwa Joviale. Nilimpigia kelele mbele ya watu. Nilimwambia wao ni wezi, wanauza ugonjwa wa watu, baba yangu anakufa kwa sababu ya tamaa yao. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu kwa upole akanieleza kwamba bei ni kweli ilikuwa imepanda sana, ila wiki mbili hizi imeshuka, na viti kutoka Kinshasa vipo, vya leo na vya kesho. Nilimwambia ni mwongo pia. Nikatoka nikibamiza mlango.

Alhamisi, tarehe tano Novemba, Papa aliomba ushahidi. Hakukushuku, alitaka tu kitu cha kushika, kwa sababu asiye na macho anaamini vidole. Ukanitumia picha ya karatasi ya kipimo, ukasema tazameni, nimepimwa, niko tayari, ndege ndiyo imefutwa tena. Nilikwenda kuichapisha kwenye karatasi kule Kadutu. Nilimsomea jina lako na neno négatif, kwamba huna ugonjwa, naye akaipapasa yote, pembe kwa pembe, akasema basi mtoto wangu amejaribu. Akaiweka chini ya mto. Kila aliyekuja kumwona alipewa ile karatasi aisome. Abbé, padri wetu, aliisoma. Majirani waliisoma. Hakuna aliyehangaika na muhuri.

Jumamosi nilikuwa nabadilisha mashuka. Karatasi ikaanguka, nikaiokota, na kwa mara ya kwanza nikausoma ule muhuri wa duara pale chini. Ulikuwa umeandikwa Goma.

Nilikaa kitako juu ya mashuka machafu. Nilifikiri labda ni makosa ya maabara, labda karatasi zao zinachapishwa Goma. Unaona nilivyokutafutia njia. Nikampigia binti wa mjomba wetu, Francine, anayeuza vitambaa Birere kulekule Goma, nikamwomba apite kwenye hoteli zile za kando ya ziwa wanakofanyia semina watu wa kazi yako, aangalie tu, asiongee na mtu. Alinirudia kabla ya saa kumi. Alikuwa amekuona kwenye baraza na wenzako, una kadi yenye jina lako shingoni, unakula samaki. Mhudumu alimwambia semina ile ni ya wiki mbili na ilikuwa katikati.

Goma, Modeste! Boti ya haraka ni masaa matatu. Asubuhi unapanda, mchana uko kwa Papa, kesho yake umerudi kwenye semina yako. Wala ndege haihitajiki.

Jioni hiyo nikairudisha karatasi chini ya mto wake, nikakupigia. Sikukwambia ninachokijua. Nilikuuliza Kinshasa hali ya hewa ikoje, ukanijibu kwamba joto linakuua. Nikakupa nafasi ya kusema ukweli. Ukaongeza kwamba watu wa ndege hawana huruma. Nikakutakia usiku mwema.

Kuna jambo bado hulijui, na kwa ajili yake ndiyo nimeandika. Nakuungamia, maana na mimi sina mikono safi. Jumapili ningeweza kukupigia tena na kukwambia wazi kwamba najua uliko, panda boti. Labda ungepanda. Nafikiri ungepanda, kwa aibu tu kama si kwa mapenzi. Sikupiga. Jumatatu pia sikupiga. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinipendeza. Nilijiambia kwamba mtu wa kuvutwa kwa kamba kuja kwa baba yake hafai kupewa maneno ya baba yake. Kumbe si mimi niliyepaswa kuamua.

Jumanne pumzi ya Papa ikabadilika. Safari hii hakuuliza habari za ndege. Alisema tu: "Modeste akiingia, munisimamishe." Mama alikuwa kanisani. Nikatoka nje, nikamkuta Floribert anafika na ndoo ya maji, nikamwomba aingie akae mahali pako. Alikataa. Alisema hiyo ni dhambi, na kwamba mzee si mjinga. Nikamwomba mara ya pili nikapiga na magoti, kwenye matope. Akanawa mikono kwa sabuni ya mlangoni, muda mrefu kupita kawaida, akaingia.

Nilisema mwenyewe, kwa mdomo huu, kwamba Papa, Modeste amefika.

Tulimwinua, tukamwegemeza kwenye mito. Floribert akapiga goti. Hakutamka neno hata moja. Papa akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akaanza kuupapasa kama alivyoipapasa karatasi, kidole kwa kidole, mpaka akafika kwenye gumba. Hapo akaacha kupapasa. Gumba la Floribert la mkono wa kuume halina ukucha. Lilisagwa na jiwe walipokuwa wanajenga ukuta wa parokia, na Papa ndiye aliyelifunga kwa kitambaa cha shati lake. Kidole chake kilikaa pale pasipo ukucha muda ambao nilisali Salamu Maria nzima. Nikajua tumekwisha.

Halafu Papa akaanza kusema maneno. Aliyasema yote, kwa sauti ya zamani, ile aliyokuwa akiwapangia mafundi kazi. Jina la baba yake, la babu yake, mahali walipotoka, mambo ya kufanya na mambo ya kutofanya kamwe. Alipomaliza aliomba mwiko wake wa kazi, ule wa mpini uliofungwa waya, akauweka kwenye kiganja cha Floribert na kukikunja mwenyewe. Floribert alilia bila sauti, machozi yakadondokea shuka.

Floribert alipotoka, nilidhani Papa amelala. Kisha akaniita. Alisema: "Marcelline, umuambie Floribert aksanti. Na weye aksanti."

Nilimwekea kichwa kifuani. Hakunikaripia. Hakuniuliza uko wapi. Siku mbili zilizobaki, mpaka Alhamisi alipotutoka, hakuuliza hata mara moja benye ndege banasema nini.

Maneno yenyewe sitakuandikia. Niliyasikia, lakini si mimi niliyepewa. Yako kwa Floribert, nyumba ya tatu ukipita bomba la maji, mlango wa bluu. Ukitaka kuyajua utakwenda kumwomba, na yeye ndiye atakayeamua. Nimemuuliza kama atakubali, akasema hajui bado.

Kwa nini ulifanya hivyo, yaya? Ni usiku na mchana najiuliza. Uliogopa kuja mikono mitupu? Uliogopa kumwona akiwa mwembamba? Au zile siku za semina ndizo hukutaka zikupite? Sababu yoyote ningeimeza. Ila ulitufanya tuzichukie ndege miezi minne, mimi nikamtukana binti wa watu mbele ya wateja. Juzi nilirudi ajansi kumwomba Joviale msamaha. Aliniuliza kama kaka yangu alifika. Nilimwambia hapana, nikaondoka kabla hajaniuliza lingine.

Mama hajui habari za Goma. Siku ya maziko, ulipokuwa ukilia kwenye simu niliyokushikia juu ya kaburi, aliwaambia watu kwamba ndege ndizo zilizomnyima mwanawe baba yake. Bado anawaambia hivyo wanaokuja kutupa pole. Mimi nanyamaza, na nitaendelea kunyamaza, kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Anakusalimia sana. Anasema ule vizuri, uvae barakoa, usijilaumu.

Tutaondoa matanga Jumamosi ya mwisho ya Januari. Chumba chako bado kina chokaa mpya. Mlango uko wazi, na mimi nitakupikia kama kawaida, maana wewe ni kaka yangu na sina mwingine. Lakini ukija, usinieleze tiketi imepanda bei gani.

Salamu kwa wote wanaokujua, na Mungu akulinde huko uliko, popote pale.

Ni mimi mdogo wako,
Marcelline

Ndani ya bahasha utakuta karatasi yako ya kipimo. Ile Jumanne, baada ya kuniambia nimpe Floribert aksanti, Papa aliitoa mwenyewe chini ya mto na kunipa.