Power Saw Bila Screw

Kiama, buda, leo nimejiaibisha. Mbaya!

Si nilienda Ruiru kwa Kitonga, yule mzee wa kukata miti, anipime kama naweza kazi. Akanipea power saw mpya, akasema, "Washa."

Ikawaka, lakini inalia vibaya kama inasongwa. Nikasema hapa ndio nitang'aa. Unajua ile saw ya zamani ya guka, babu yangu, mi huitune na masikio tu, nageuza screw hadi ilie poa. Nikaitisha screwdriver nitafute screw za kabureta. Hakuna. Nikaigeuza. Hakuna!

Nikamwambia mbele ya wasee wake wote wa kazi, "Mzee, pole, uliuziwa feki."

FEKI, Kiama! Nilisema feki!

Wasee walicheka hadi mmoja akakalia gogo. Mzee hakucheka. "Kijana, hii inajitune yenyewe. Wewe kata tu."

Nikakata. Kufika gogo ya tatu inalia smooth, mi ndio feki.

Nikimrudishia akaniambia, "Kuja kesho saa moja. Nitakupea ile ingine, yenye screw."

Nimezunguka mtaa huku Landless mara tatu, siwezi keti. Hiyo ni kazi ama wanataka kucheka tena? Wewe ungeenda?