Asali kwenye Ncha ya Kijiko

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amekuja. Amenipima, kisha akamnong'oneza mwanangu mlangoni kwamba nisihangaishwe tena na hospitali. Kadhani masikio nayo yamekufa! Moyo umechoka, basi. Siogopi. Ninachokiogopa ni kikopo cha asali kilicho chini ya kitanda hiki. Mkwe wangu akiinama kufagia, atakiona.

Jumanne, 4 Machi

Niandike, maana kusema nimeshindwa.

Mjukuu wangu ana mzio wa karanga. Utotoni alionja tu, midomo ikavimba, pumzi ikakatika. Sindano ndiyo iliyomrudisha; sasa hatoki bila mbili za dharura kwenye kibegi chake. Tangu siku ile mama yake, mkwe wangu, analinda jiko kama ngome — sufuria ya mtoto mbali, mwiko mbali, kila pakiti inasomwa hadi herufi za chini kabisa. Nilikuwa nikimcheka. Mimi, mwalimu wa biolojia! Daktari wa mzio alituambia wapo watoto wanaozoeshwa kidogokidogo, lakini hospitalini, chini ya macho ya madaktari. Na huyu, kwa pumu yake, hafai. Nikasikia nusu ya kwanza tu.

Nilipokuwa bado naweza kusimama nilisaga karanga, nikachanganya na asali. Akirudi shule, ncha ya kijiko. Anajua. Ndiye aliyenibembeleza. "Mke mwenzangu, nimechoka kutengwa kwenye sherehe kama kuku mgonjwa." Nikataka nife nimemwachia kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mdomo umemwasha. Vipele shingoni. Nikamwambia mwili unajifunza. Mwili unajifunza! Akafunga kola mama yake asione.

Baadaye mkwe akaniletea supu, akaionja kwanza isiniunguze. Kunywa, Mama, usiniache peke yangu na huyu mtoto, wewe ndiye jicho langu la pili. Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Maskini, amempa kweli, na hajui.



Ijumaa, 7 Machi

Nilikataa kumpa asali, nikasema tumeacha. Akatoa karanga mfukoni — kanunua mwenyewe! — akatafuna moja nzima mbele yangu. Tukangoja. Nilikuwa nimeshika shuka kama mtu anayezama. Hakuna kitu. Akacheza dansi kitandani kwangu hadi mifupa ikalia.

"Nimepona, mke mwenzangu!"

Nikamwambia hujapona, bado, tumwambie mama. Akaniambia eti nina wivu, nataka nimzidi kwa babu hata kaburini. Tukacheka. Mungu wangu, nilicheka.

Jumamosi, 8 Machi

Ameondoka na basi la shule, mashindano ya riadha. Nilikuwa nimesinzia, nilisikia busu shavuni na sauti: nitunzie, sivihitaji tena. Nikadhani ndoto.

Nimegeuka sasa hivi. Chini ya mto — kibegi chekundu. Sindano zake zote mbili. Na kile kivuta pumzi cha pumu.

Kukimbia, jua, jasho. Mwili uliovumilia jana unaweza kukataa leo. Daktari alilisema hilo pia. Ilikuwa kwenye ile nusu ya pili. Na huko wenzake watakula, naye atataka kuwaonyesha. Ningekuwa yeye, ningewaonyesha.

Mwanangu yuko kazini. Mkwe yuko uani anafua. Nimeita, sauti haifiki hata kwenye kiti. Nimegonga ukuta kwa fimbo. Nakuja, Mama, nasuuza hii tu! Nimegonga tena. Namsikia akimwambia jirani kwamba bibi huyu akitaka chai hugonga kama polisi. Wanacheka wote wawili.

Naandika ili nisirudi nyuma. Nikiiacha kalamu nitalala, nikilala nitajifanya sikuamka.

Nimekivuta kikopo kwa fimbo. Nimekiweka juu ya shuka, kando ya kibegi, palipo wazi. Nianze na neno gani? Nisamehe — hapana, nisamehe itakula muda. Piga simu shule. Hilo kwanza. Piga simu kwa mwalimu wake, asile kitu, asikimbie, mpelekee sindano. Mengine atanipiga nayo baadaye, ni haki yake.

Bomba limefungwa. Kandambili zinakuja.

Ameingia. Ana kikombe cha chai, bado anacheka, anatafuta pa kukiweka. Anasogeza kibegi —