Chuma Kirefu cha Chenso ya Akiba

Jumatatu, 29 Septemba

Nimenoa cheni asubuhi nzima. Tupa imeisha makali, mimi nimeisha mgongo. Chenso kubwa, msumeno wangu wa injini, iko sawa. Ile ndogo ya akiba, tuliyoinunua kwa mtu wa Malampaka, ni ugonjwa mtupu. Chuma chake, kile kinachobeba cheni, kimelika mfereji. Cheni inacheza humo kama jino bovu. Breki ilikatika kwa mwenyewe wa kwanza. Ila injini nzima. Inataka chuma kipya na cheni mpya.

Doto anasema hiyo ndogo ni yake sasa. Miaka yote amenishikia kamba na kabari, amechoka. Ana haki. Ni pacha wangu, si kibarua wangu.

Jumanne, 30 Septemba

Katekista wa kigango kimoja huko Sola amekuja kwa pikipiki. Mkaratusi wao umeinamia paa la kanisa. Tangu upepo wa juzi una ufa, na unalia. Ndivyo alivyosema, unalia. Watoto wa mafundisho hukaa chini yake kila Jumamosi. Mvua ziko njiani, udongo ukilegea utashuka wenyewe. Tumekubaliana Jumatano ijayo.

Mti wa namna hiyo hubana chenso. Hapo ndipo ya akiba inapoitwa: kubwa ikikwama ndani ya gogo, ndogo inakata pembeni kuitoa. Haitakiwi kuwa ndefu. Inatakiwa iwe nyepesi, na ncha yake uione muda wote. Nimemweleza Doto. Ameitikia tu, kama anavyoitikia mahubiri.

Alhamisi, 2 Oktoba

Bariadi mjini, mimi na Doto. Tukiondoka Mama alisimama mlangoni. "Mkanunue sawasawa. Mapacha hawagawiwi tofauti."

Nimeyasikia hayo tangu ninyonye. Kulwa shati, Doto shati. Nilipoumwa na nge mguuni, Doto naye alipakwa dawa mguu uleule, mzima kabisa, akalia kunishinda. Mwaka ule baba aliponipa mimi mtamba na Doto dume, Doto aliugua msimu wote wa mvua, nusura tumzike. Mama hajasahau. Mimi husema ilikuwa malaria, lakini nasema kwa sauti ya chini.

Binti wa duka aliuliza ukubwa wa injini, akatoa chuma cha inchi kumi na sita na cheni yake nyembamba. Ndicho chenyewe. Doto akakiangalia kama mgeni aliyetengewa shingo ya kuku. Akaangua cha inchi ishirini ukutani. "Kama cha kwako," akasema. Binti akasema kitaingia, tundu zinalingana, ila injini italemewa.

Kitaingia. Hata shingo ya ndama inaingia kwenye nira.

Watu walikuwa wanatutazama, watu wazima wawili wa sura moja wakigombania chuma. Nikatoa hela. Tumenunua kirefu. Nimejikasirikia njia nzima.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumeijaribu kwenye gogo la mgunga nyuma ya zizi. Injini inalia kama inakabwa. Oili haifiki kwenye ncha; niliweka karatasi mbele yake, ikabaki kavu. Cheni inashika moto, inalegea, unaikaza, inalegea tena. Na ncha inatangulia mbali mno. Mkono wa Doto haujazoea urefu huo. Mara mbili nimeiona ncha ikigusa mawe nyuma ya gogo, mwenyewe hana habari. Mara ya pili chenso iliruka. Kidogo tu. Alicheka.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya misa nimemkuta Mama anachambua dengu. Nikamweleza: injini ndogo, chuma kirefu, hatari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wewe kirefu, mwenzako kifupi?" Nikarudia habari ya injini. Akasema yeye hakuzaa injini. Akarudi kwenye dengu zake.

Nitabishana na fisi, si na yule mama.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudi mjini peke yangu. Nimenunua kile kifupi na cheni yake. Kiko chini kabisa ya mkoba wa tupa. Nitakifunga Jumatano kule Sola, Mama akiwa mbali. Doto atanuna. Anune akiwa mzima.

Jumanne, 7 Oktoba

Upepo kutwa. Mawingu yamekuja, yamesimama, hayajanyesha.

Jioni Mama alipitisha kiganja juu ya chuma changu, kisha juu ya cha Doto, rozari ikining'inia mkononi. Doto alikifuta cha kwake kwa shati safi. Sijamwona na furaha hivi tangu aoe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ya jana. Nayaandika kabla sijaanza kuyapamba.

Mti ulikuwa unalia kweli. Ukiweka kiganja kwenye gome unausikia. Niliingiza mkono kwenye mkoba, nikakigusa kile kifupi. Doto alikuwa anamwonyesha katekista chenso yake. "Sasa tunalingana," alimwambia. Nikaufunga mkoba. Nikajiambia hiyo ni ya akiba tu, huenda hata isitumike. Kila mtu husema hivyo juu ya kitu cha akiba, halafu siku mbaya ndicho anachokishika.

Nilikata mdomo upande wa kuangukia, nikahamia nyuma. Ufa ukajifunga. Chenso kubwa ikabanwa, ikazima. Mti haukuanguka, haukusimama. Kabari haikuingia. Nikamwita Doto. Mimi ndiye niliyemwita.

Alikata vizuri. Alikata kwa uangalifu kunishinda. Ncha ikatokea ng'ambo ya gogo, ikagonga tawi bovu ambalo hakuweza kuliona. Chenso ikaruka, ikamrudia. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Hakupiga hata kelele. Alikaa chini taratibu, akautazama mkono kama si wake.

Katekista alimfunga kwa kitambaa cha altare. Gari lililobeba pamba likatupeleka Maswa, Doto amelala juu ya marobota, mimi nimemkumbatia. Tukiwa njiani mti ulianguka wenyewe upande wa uwanja. Kanisa limebaki zima. Hakuna mtoto aliyeumia. Huko Sola wanasema Mungu ametenda. Mimi nina hasira na kila mtu, hata na Yeye.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mkono hautakatwa. Vidole viwili havisikii kitu, daktari amevichoma sindano, Doto anatazama dari tu. Damu aliyoongezewa ni yangu. Mama aliposikia alisema "wabeja", akashukuru mara nyingi, akinishukuru mimi. Nilitoka nje.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mke wa Doto alifungua mkoba wangu akitafuta kiberiti. Akatoa kile chuma kifupi, bado kiko kwenye karatasi ya dukani. Akauliza ni cha nani.

Nikasema ni cha Doto.

Mama alikuwepo. Akakichukua, akakilaza mapajani, akakipima kwa kiganja kuanzia mwanzo hadi ncha. Kisha akainuka, akaenda kukipimia kwenye kile kirefu, kule stoo, chenso zilikorudishwa na katekista. Alikaa huko muda. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua imenyesha alfajiri, imeacha. Doto amerudi nyumbani. Amepungua, lakini anakula.

Nimemwambia habari ya mkoba. Alikuwa anaijua, mkewe alishamwambia. "Ungekitoa ningekataa," akasema. Sijui kama ni kweli au ananihurumia.

Mchana Mama alitoa kitenge chake kipya, kile alichokiwekea harusi ya mjukuu. Akakipasua katikati. Nusu moja akamfungia Doto, mkono ukaning'inia shingoni. Halafu akanijia mimi na nusu ya pili. Akaanza, "Mapacha hawa..." Hakumaliza. Kidevu kilimtetemeka. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya kumzika baba.

Nikampa mkono wa kushoto. Akaufunga kwa fundo lilelile, akalikaza, akaingia ndani.

Doto alinitazama, akacheka mpaka akajishika kidonda. Kisha hakuwa anacheka tena, wala mimi.

Tumekula ugali sahani moja, kila mtu mkono mmoja. Chenso zote mbili ziko stoo. Kitenge bado ninacho. Bega limeanza kuuma. Sikifungui.