Mchunga Usio na Mdudu Hai

Jumanne, jioni inaingia. Tangu asubuhi mawingu yamejifunga huku Tezo, joto limenikalia kifuani, na tone la mvua halijaanguka. Mwanangu Kache kalala mapajani. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja.

Leo nimekaribia kuua mtu. Kwa mboga.

Kunde zangu ziliingiwa na vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaofyonza maji ya mmea. Nilizipanda mwenyewe, mtoto mgongoni, na roho iliniuma kuziona zinajikunja. Nikafuatilia wanakotoka. Nikawakuta kwenye mchunga, ile mboga chungu ya mwitu, uliojiotea kando ya ua, wamejipanga kwenye mabua kama shanga. Sisimizi wanapanda na kushuka, wanawalamba ule utamu wao. Na wale wadudu wekundu wa mgongo wa duara, wenye madoa meusi, wanawatafuna mmoja mmoja. Kijiji kizima kwenye bua moja. Siku nyingine ningechutama nitazame. Leo nilisema, kumbe nyumba yao ndiyo hii, nikaupulizia dawa mpaka majani yakadondosha matone.

Na hapo ndipo akili yangu ilipolala. Mchunga hauna mwenyewe. Hakuna aliyeupanda, basi hakuna wa kuombwa ruhusa. Unapita kwa jirani, unachuma, unakwenda zako. Mimi mwenyewe nimechuma kwa watu tangu sijui kufunga leso.

Saa sita nilirudi kutazama. Vichwa vyote vya mchunga vilikuwa vimekatwa, na utomvu mweupe bado unachuruzika.

Acha niseme kweli. Jambo la kwanza nililowaza si yule atakayekula. Niliwaza watu watasema nini. Nikajiambia ni mbuzi. Nilisimama pale na Kache mgongoni, nikiomba sana awe mbuzi.

Mbuzi hakati vichwa vikalingana.

Nilikimbia kwanza kwa mavyaa, mama wa mume wangu, maana ndiye wa karibu. Nikamkuta anakaanga samaki. "Una nini, mwanangu, unahema hivyo?" Nikamwambia nimepita kumsalimu tu. Uongo huo nao naukiri hapa. Nikaendelea mbio hadi kwa jirani, Mama Sidi, ambaye hatusemezani tangu kuku wake wachakure miche yangu nami nikamtolea maneno yasiyofaa kumwambia mtu mzima. Bintiye, Sidi, ana mimba ya miezi minane, na siku hizi hataki chochote ila kichungu.

Sufuria ilikuwa jikoni, inachemka.

"Mama Sidi, huo mchunga umechuma kwangu?"

"Shikamoo imekufa?" akasema bila kugeuka.

"Shikamoo. Nakuomba usiupike, nimeupulizia dawa."

"Marahaba. Kwani mchunga nao umepata mwenyewe?" Akakoroga. "Mchoyo akikunyima embe husema lina dawa. Juzi kuku, leo majani. Kesho utanidai upepo unaopita kwako."

Niliapa. Hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeniamini.

Ndipo nikaona ungo kando ya mlango, umebaki na majani mabichi kidogo. Nikachukua jani moja nikamwekea mbele ya macho. Vidukari wamegandana, wakavu. Na mdudu mwekundu mmoja, chali, miguu juu. Mama Sidi akampuliza. Akampuliza tena.

Aliiepua sufuria kwa mikono mitupu, akaimwaga shimoni.

Halafu sauti ya Sidi ikatoka ndani, pole pole: "Mama, mimi nimeshaonja chumvi."

Sijui pikipiki ilifikaje zahanati. Muuguzi aliuliza swali moja tu: dawa gani? Dawa nilipimiwa dukani, kwenye chupa ya soda isiyo na hata karatasi. Sikuuliza jina. Niliona haya kuuliza, nisije nikaonyeshwa maandishi ya Kiingereza nikashindwa kuyasoma mbele za watu. Kumbe haya yangu ndiyo iliyokuwa sumu ya kwanza.

Nikarudi hadi dukani nikaandikiwa jina, nikalipeleka nimelikamata ngumini. Muuguzi akasoma, akapiga simu, akasema kionjo ni kidogo lakini Sidi atalala pale wamwangalie. Niliweka mkono tumboni mwake. Teke likaja. Mama Sidi alikuwa ametazama ukuta.

Niliporudi nilioga, nikanawa mikono mara tatu kabla ya kumnyonyesha Kache. Kisha nikafunga kitambaa chekundu uani, nikapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango nilisema kwa mdomo wangu: ni mimi, nimepulizia mchunga, msichume. Kwa mavyaa nilikwenda mwisho, maana yeye nilikuwa nimeshamdanganya. Hakunigombeza. Alijitanda leso, akaenda zahanati.

Pale kwenye mchunga nimepita pia. Hakuna anayetambaa. Nilidhani nitafurahi.

Sasa hivi mavyaa amerudi. Anasema Sidi amekunywa uji, na uji umekaa. Bado wanamwangalia, usiku ni mrefu, nami sitathubutu kusema yamekwisha.

Kisha akaniambia, "Mama Sidi amenituma. Anasema kesho uende ukachume kwake. Wa kwake una wadudu hai."

Nilicheka mpaka Kache akashtuka, kisha nikamkumbatia nisionekane ninavyolia.

Kukipambazuka salama nitakwenda. Na nikifika mlangoni, shikamoo kwanza.