Mwenyewe Yupo

Baba Neema,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu sijui tena umelala wapi. Ungekuwa bado Bonga ningekuja nikae pembeni yako nikuambie kwa mdomo, kama tulivyokuwa tukikaa juu ya mifuko ya saruji tukingoja uji.

Mji umekua. Tangu Babati ifanywe makao ya mkoa ujenzi haujakoma, na mimi ni kibarua yule yule wa Kasulu, ila mgongo umechoka. Juzi juzi tulichukuliwa kwenda kupanua barabara. Hatukuambiwa wapi. Tulipofika nikaona misalaba ya Bonga. Nikauona na wako, ule niliouchonga kwa ubao wa kumwagia zege, jina lako limeanza kufutika.

Msimamizi akasema makaburi yanahamishiwa Mutuka, amri imetoka juu, tuanze. Nikamuuliza, ndugu wamejulishwa? Akasema tangazo limebandikwa ofisini. Mama Neema yuko Kasulu, kaka. Tangazo la ukutani Babati angelisomaje? Nikaomba tungoje kidogo apande basi, utolewe akiwepo. "Serikali imeshaamua," akasema. "Wewe umeletwa kuchimba."

Hapo nikakumbuka ile kazi yetu ya kuchimba kule Singe. Ulikuwa na kawaida yako: kabla ya kupiga sululu la kwanza unasimama unaita, "Hodi! Kuna mwenyewe?" Sisi tunacheka, halafu unachimba. Siku ile bibi mmoja akaitika kutoka kwenye mahindi, "Mwenyewe ni mimi! Mnatafuta nini shambani kwangu?" Shamba lilikuwa limeshapimwa na hakuna aliyemwambia. Ukalaza sululu chini, ukaketi. Msimamizi akafoka, "We Muha, umekuja kuchimba au kutembelea watu?" Ukamjibu, "Nimeshaitikiwa, bosi. Nangoja chai." Hata yeye alicheka. Jioni akakufukuza kazi. Lakini kazi ilikuwa imechelewa, na bibi aliwahi kuvuna.

Basi nami nikasimama kwenye kaburi lako nikabisha hodi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenzangu wakatazama chini. Msimamizi akasema, "Unangoja maiti akufungulie mlango?" Nikajiitikia, "Mwenyewe yupo." Nikakaa juu ya udongo wako.

Wawili wakaja kukaa nami. Wengine wakaendelea na kazi. Siwalaumu, wana watoto.

Mgambo walipofika sikupigana. Walinivuta kwa miguu, shati likapanda mgongoni, nikawa naona mbingu tu. Tulipowekwa mahabusu, polisi wakatuambia tumezuia maendeleo. Nilitaka kusema mengi, lakini mimi niliishia darasa la tano. Nikasema tu kwamba hata ng'ombe akihamishwa zizi, mwenye ng'ombe huitwa. Askari mmoja akaniangalia, akaangalia pembeni.

Tulipoachiwa, Bonga palikuwa udongo mwekundu mtupu. Walileta katapila. Nikatembea mpaka Mutuka. Kaka, wamewapanga mstari. Kila tuta lina kigingi, kila kigingi kina namba, jina hakuna hata moja. Nikaita hodi katikati ya yale matuta kama mtu aliyechanganyikiwa. Nikaita tena. Sikujua hata nielekee upande gani.

Msalaba wako niliuokota kwenye kifusi, umevunjika mkono mmoja. Uko chini ya kitanda changu. Naogopa nisije nikausimika juu ya mtu mwingine.

Kazi nimefukuzwa, hilo ungelibashiri. Mama Neema nilimpigia simu mwenyewe. Alilia sana, kisha akaniuliza, "Shemeji, nikija utanionyesha alipo, sivyo?" Nikamwambia vigingi vina namba tu. Akaelewa. Akasema anakuja hivyo hivyo. Yuko njiani.

Kuna mtu ameniambia nimwonyeshe tuta lolote, mwanamke atulie, arudi kwao. Sitafanya hivyo. Kazi yote ninayoijua nilijifunza kwako, na hukuwahi kunifundisha kumdanganya mwenye kitu chake.

Pumzika, kaka, popote walipokuweka. Ahadi yangu ni hii: akishuka kwenye basi, nitabeba msalaba, tutakwenda mpaka kwenye ile ofisi, kwa yule aliyetia sahihi amri ya kuwahamisha. Tutabisha hodi. Wakisema mkubwa hayupo, tutaketi mlangoni na msalaba magotini. Safari hii mwenyewe yumo ndani, na anatusikia.

Mdogo wako,
Elia